Saa Saba Mchana, Mbwa Yuko na Nani?

Mume na mke wanaofanya kazi wote wawili wakianza kuzungumzia habari ya kufuga mbwa, swali la kwanza huwa kama atabweka. La pili ni atakula nini. Nimeyasikia mazungumzo ya namna hiyo Kireka na Bweyogerere kando ya Kampala, hata kule Walukuba mjini Jinja, na karibu kila mara swali ninalolisubiri halifiki: saa saba mchana, mume akiwa kazini na mke akiwa kazini, mlango umefungwa kwa kufuli, mbwa huyo atakuwa na nani? Kwangu hilo ndilo swali lenyewe. Chakula kinanunulika, na kubweka mbwa hafundishwi. Muda wa kukaa na mnyama ndio hauuzwi popote, na nyumba nyingi za mjini ambamo wote wawili wanatafuta riziki hazina muda wa kutosha hata kwa watoto.

Msimamo wangu ni kwamba wanandoa wenye kazi wanaweza kufuga mbwa vizuri, tena mbwa akawa heri kwao. Sharti ni moja. Waihesabu shughuli ya mbwa kuwa kazi, waigawane kwa saa, huyu asubuhi na yule jioni, kama wanavyogawana kodi ya nyumba na ada za shule. Wasipoigawana, kazi ile haipotei. Itamwangukia mtu ambaye hakuulizwa, au itamwangukia mbwa mwenyewe.

Tuitazame siku ya kawaida upande huu wa Barabara ya Jinja. Mtu anayelala Kireka au Mukono na kufanya kazi katikati ya Kampala anajua kwamba akichelewa kutoka, jamu ya Banda na Nakawa itamkalia. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko barabarani, giza bado halijaisha. Jioni anatoka kazini saa kumi na moja, anasubiri teksi ijae, na akiwahi sana anafungua mlango wake saa moja na nusu. Mvua ikinyesha, ni saa tatu usiku. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka saa 48 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida cha kazi, lakini saa za kukaa kwenye teksi hazimo humo. Ukizijumlisha unapata nyumba isiyo na mtu kwa saa kumi na nne, siku tano au sita za wiki. Mbwa mzima hulala sehemu kubwa ya mchana, na kuachwa peke yake kwa muda hakumdhuru. Saa kumi na nne kila siku ni jambo jingine kabisa.

Na mara nyingi hayuko peke yake tu, amefungwa. Nyumba nyingi tunazopanga zimeshikana kwenye ua mmoja: milango minne au sita, kamba za nguo, bomba moja, watoto wa kila mlango. Mbwa hawezi kuachwa huru mchana kwa sababu ya watoto wa watu, basi anafungwa kwa mnyororo mfupi nyuma ya choo au kutiwa kwenye banda la mbao hadi usiku. Pale alipofungwa ardhi inageuka duara jekundu lisilo na jani hata moja, upana wake ni urefu wa mnyororo. Bakuli la maji limepinduka tangu saa tatu asubuhi na hakuna wa kulisimamisha. Wenye mbwa si watu wakatili. Wengi wanampenda, na usiku wanamletea mifupa kutoka kazini. Lakini mnyama anayeishi hivyo anateseka, na mapenzi ya usiku hayamwondolei kiu ya mchana.

Wapo watakaosema mbwa wetu wa kienyeji amezoea. Mbwa wa kienyeji hakuzoea mnyororo hata kidogo. Kijijini Busoga au kule Arua anashinda huru, anafuatana na watoto wakienda kuteka maji, anakwenda shambani na mama, analala chini ya mwembe watu wakiwa karibu. Hakuna anayemtengea muda kwa sababu muda umejaa pale nyumbani: bibi yupo, wajukuu wapo, jirani anapita kusalimia. (Maisha hayo nayo hayakosi shida zake. Kwenye tatizo la funza nguruwe ndiye hutajwa kwanza, lakini mbwa anayelala kwenye vumbi la nyumba naye huwabeba.) Tulipohamia mjini tulikuja na mbwa yule yule, tukaiacha nyuma nyumba yenye watu. Ndiyo maana hoja ya kwamba wazee wetu walifuga mbwa bila kusumbuka hainiingii. Wazee wetu walifuga mbwa katika boma ambalo mchana kutwa lilikuwa na mtu.

Katika nyumba zenye dada wa kazi, jibu la swali langu linajulikana: saa saba mchana mbwa yuko na dada. Sasa muulize dada huyo walipatana nini siku alipoanza. Walipatana kupika, kufua, kumpeleka mtoto shule na kumrudisha. Mbwa alikuja baadaye, Jumapili moja, ndani ya boksi, na Jumatatu wenye nyumba wakaenda zao kazini. Tangu siku hiyo dada ndiye anayemsongea posho (ugali), ndiye anayezoa kinyesi, ndiye anayepigiwa simu kuulizwa kama mbwa amekunywa maji. Pengine ni msichana aliyelelewa kuwaogopa mbwa, au ni Mwislamu ambaye mate ya mbwa yakimgusa nguo inabidi abadilishe kabla ya kuswali. Hakuna aliyemuuliza. Na siku mbwa akiuma, walio karibu naye ni dada na mtoto aliye mikononi mwake.

Hili linaniudhi, na sioni sababu ya kulisema kwa upole. Kama dada ndiye anayemtunza mbwa, kazi hiyo iingie kwenye mapatano na kwenye mshahara, na akisema hawezi, asikilizwe. Pasipo dada, mzigo humwendea mke. Mume ndiye aliyemleta mbwa, ndiye aliyempa jina, ndiye anayewasimulia wenzake jinsi alivyo mkali. Mke ndiye anayekumbuka saa nne usiku kwamba mbwa hajala. Baadaye watu husema mama wa nyumba ile hampendi mbwa. Huenda angempenda sana kama angekuwa anamkuta ameshalishwa.

Ulinzi ndio sababu kubwa ya kufuga mbwa mjini, na siidharau. Wezi wa usiku wapo, wanachukua nguo kambani, kuku, betri ya pikipiki, na mbwa anayebweka kwa wakati huamsha ua mzima. Lakini ili abweke kwa wakati lazima ajue nani ni wa nyumbani na nani ni mgeni, na hayo hujifunza kwa kukaa na watu. Aliyeshinda kwenye mnyororo humbwekea kila apitaye, mwenye boda boda, mtoto wa jirani, paka, na baada ya wiki chache hakuna anayeinua kichwa kitandani akimsikia. Akifunguliwa usiku anataka mwendo aliokosa mchana kutwa, hivyo geti likiwa wazi kidogo ameshatoka, nyumba imebaki bila mlinzi. Mwizi mzoefu naye anajua kutupa kipande cha nyama chenye sumu. Mbwa mwenye njaa, ambaye hakuna aliyepata nafasi ya kumfundisha asile kitu cha chini, anakimeza palepale.

Wengine wataniambia kuhusu mbwa wa polisi. Polisi ya Uganda ina kikosi cha mbwa, na wanapoletwa mtaani kufuata nyayo za mwizi watu hujaa njiani kumtazama mnyama anavyonusa. Mtazameni pia askari aliyeshika kamba. Mbwa yule ana mtu wake anayemlisha na kumfanyisha mazoezi, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Ustadi wote tunaoushangaa umetokana na muda wa mtu mmoja uliotumika kwa mbwa mmoja. Ukitaka ulinzi wa namna ile huku humpi mbwa wako hata nusu saa kwa siku, unadai kitu usichokilipia.

Nawajua mume na mke wa Kireka waliolifanya jambo hili sawasawa. Mume ni askari katika kampuni ya ulinzi, anaingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Mke ni mkunga katika kituo cha afya. Mume kwao ni Arua, mke kwao ni Busia, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha nyumbani, hata mbwa wao Sajini amri zake zote anazijua kwa Kiswahili: kaa, njoo, acha. Kabla ya kumchukua walitandaza ratiba ya zamu mezani na kuandika nani yuko nyumbani saa ngapi. Wakaona kitu ambacho wengi hawakitazamii. Kwa kuwa zamu zao zinapishana, nyumba yao haikai tupu kwa muda mrefu. Kule kupishana mlangoni kunakozichosha ndoa nyingi za wafanyakazi wa zamu, kwa mbwa kulikuwa neema.

Hapo pana somo kwa wanaodhani mbwa ni wa watu wenye nafasi, wenye nyumba kubwa na kazi ya ofisini. Mabenki na wizara zinawachukua mume na mke saa zilezile na kuwarudisha saa zilezile. Nyumba yao ina uzio mzuri na majani yaliyokatwa, na mchana kutwa haina mtu. Askari na mkunga wenye vyumba viwili vya kupanga wanaweza kumpa mbwa maisha bora kuliko wao. Mnaotaka mbwa, hesabuni kwanza ni kwa saa ngapi nyumba yenu huwa tupu, ndipo mfike kwenye ukubwa wa uwanja.

Kwa akina Sajini kazi imegawanywa hivi. Mume akirudi asubuhi havui buti. Anachukua kamba, anakwenda na mbwa hadi kwenye reli na kurudi, barabara ikiwa bado na watu wachache, kisha anaoga na kulala, na Sajini analala nje ya mlango. Wakati huo mke ameshakwenda kazini. Mchana mume akiamka anambadilishia maji na kumwacha azunguke uani watoto wakiwa shule. Jioni ni zamu ya mke. Sufuria nyeusi ya mbwa, ambayo haichanganywi na vyombo vya watu, inabandikwa kwenye sigiri baada ya chakula cha watu kuepuliwa, ili moto uliobaki usipotee. Mukene, yaani dagaa, unaoshwa mara mbili kwa sababu ulianikwa mchangani, unachemshwa mpaka vichwa vinalainika, ndipo unga wa posho unatiwa na kusongwa. Hapana chumvi, wala kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa. Anaipakua, anaiacha ipoe hadi kidole kiweze kukaa ndani bila kuungua. Muda wote huo Sajini amekaa hatua chache kutoka kwenye sigiri, hajafungwa, mate yanamdondoka, na haisogelei sahani mpaka aambiwe.

Mke akijua atachelewa kutoka kazini mambo yanageuka, na hapo ndipo nilipopenda zaidi utaratibu wao, kwa sababu wanaambiana. "Baba watoto, leo sitawahi, sufuria ni yako." "Sawa, Mama, nimesikia." Basi. Hakuna anayekisia kwamba mwenzake ameshafanya.

Jumamosi ni siku ya kupe. Mume anakaa kwenye kigoda, kichwa cha mbwa kiko pajani, anafungua masikio, anapekua katikati ya vidole vya miguu, na kila kupe anayemng'oa anamtumbukiza kwenye kifuniko chenye mafuta ya taa. Kupe wa mbwa ana tabia inayompa taabu mwenye nyumba: haishi kwenye majani peke yake, huingia kwenye nyufa za kuta na za banda na kutaga mayai kwa maelfu. Ukimsafisha mbwa bila kuziba nyufa, umefanya nusu ya kazi. Watu wengi hununua dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuipima kwa macho. Naomba waache. Mbwa ni mdogo, tena hujilamba, na kinachomfaa ng'ombe wa Ankole kinaweza kumuua. Daktari wa mifugo akuambie dawa na kipimo.

Sasa nafika mahali ambapo kukosa muda kunaweza kumuua mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Karibu wote, asilimia 99, huambukizwa na mbwa, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Na huu ni ugonjwa ambao kinga yake inajulikana tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwaka 1885. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, au kama daktari atakavyoelekeza. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kuenea, na dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kichaa kinacholetwa na mbwa.

Asilimia 70 haitapatikana kwa kuwalaumu wafugaji. Chanjo inapotangazwa kuwa Jumatano kuanzia saa tatu hadi saa tisa kwenye uwanja wa shule, mbwa wa wanandoa wenye kazi hawafiki. Wamefungwa nyumbani, wenyewe wako mjini, na dada hawezi kumvuta mbwa mwenye nguvu barabarani huku amebeba mtoto mgongoni. Hao ndio mbwa wa mjini wanaofunguliwa usiku na kukutana na mbwa wa mitaani. Madaktari wa mifugo wa wilaya na wenyeviti wa LC1, mabaraza ya mtaa, waweke siku za chanjo Jumamosi, au Jumapili mchana watu wakiwa wametoka kanisani. Wakifanya hivyo watawapata mbwa ambao miaka yote hawawapati, na gharama ya kuwalipa wachanjaji siku ya mapumziko ni ndogo ukiilinganisha na ya kuwatibu watu waliokwisha kuumwa.

Na akiumwa mtu, kidonda kioshwe palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, tena zikipimwa kwa saa, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama jeraha ni mchubuko tu. Asipakwe dawa za mitishamba, asisubiri kuona mbwa atafanya nini. Mbwa mwenyewe, kama ana mwenyewe na anaweza kufungiwa salama, asiuawe kwa hasira. Akiangaliwa siku 10 akabaki mzima, daktari ana jambo la uhakika la kulitegemea. Akishauawa na kutupwa, hana. Kadi ya chanjo ya mbwa iwekwe pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, mahali ambapo mume na mke wote wanapajua.

Wako wasomaji wengi wa Kiswahili hapa Uganda ambao ni Waislamu, kuanzia Bombo hadi Kibuli hadi Arua, na najua kwamba kwa baadhi yao mazungumzo haya yaliisha kabla hayajaanza. Sitaki kulipita jambo hili. Katika madhehebu ya Shafi, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mwenye kulishika hilo ana haki ya kuheshimiwa na jirani asiyelishika. Lakini ruhusa ya mbwa wa ulinzi wa mifugo na mashamba na mbwa wa kuwinda ipo tangu zamani, na sote tumesimuliwa madrasa habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu, akasamehewa kwa tendo hilo. Usafi wa ibada na huruma kwa mnyama havijawahi kugombana. Nyumba za Waislamu zenye mbwa nizijuazo zimelipanga vizuri: banda liko mbali na mlango, vyombo vyake viko peke yake, kanzu ya kuswalia haikai kambani anapopita. Wasiwasi wangu uko kwingine. Mtu anayejizuia kumgusa mbwa asimfuge kwa kumtegemea dada Mkristo amguse kwa niaba yake. Kama hakuna wa kumpekua kupe na kumpeleka kwenye chanjo, basi nyumba hiyo bado haijawa na nafasi ya mbwa, hata kama wezi ni wengi.

Nimeyataja matatizo mengi, na ningekuwa nawadhulumu mbwa nikiishia hapo. Gulu kuna kazi inayofanywa ambayo kila anayepinga mbwa angefaa kuisikia. Vita vya waasi wa Lord's Resistance Army vilidumu kaskazini mwa Uganda kwa takriban miaka 20, zaidi ya watu milioni 1.5 wakahamishiwa kambini, watoto wakatekwa. Bunduki ziliponyamaza mwaka 2006, walionusurika walibaki na usiku wa kushtuka na mchana wa kujitenga. Shirika la The Big Fix Uganda, ambalo huchanja na kuhasi mbwa katika eneo hilo, lina mradi wa kuwaunganisha manusura hao na mbwa waliookotwa mitaani. Aliyeianzisha kazi hiyo, Francis Okello Oloya, alipoteza macho akiwa mtoto kwa bomu lililokuwa limefukiwa shambani. Mtu na mbwa wake hufundishwa pamoja kwa miezi, wakikutana, wakitembea, wakizoeana. Mbwa wenyewe ni wa kienyeji, wale wale tunaowapiga mawe. Uponyaji unaosimuliwa huko haukuletwa na mbwa kuwepo tu kwenye ua. Ulikuja kwa sababu mtu alikaa naye, siku baada ya siku, akampa jina na kazi.

Sijui wanandoa wa mjini ambao hawana uchovu. Mtu aliyemsikiliza mteja mkali mchana kutwa anafika nyumbani hana neno la kumwambia mwenzake, anaishia kwenye simu. Nimeona mbwa akilibadilisha hilo. Anahitaji kutembezwa, kwa hiyo wawili wanatoka nje kwa nusu saa bila simu, na katika nusu saa hiyo wanazungumza kuhusu kodi, kuhusu mtoto, kuhusu mama mkwe aliyeko kijijini. Majirani ambao hawakuwasalimia tangu wahamie wanasimama kuuliza mbwa anaitwaje. Hayo hayapatikani kwa mbwa aliyefungwa nyuma ya choo. Yanampata anayetoka naye.

Kodi ya nyumba inavuruga mipango mingi mizuri. Mwenye nyumba anakubali mbwa leo, mwakani anauza kiwanja. Familia inahamia penye nyumba zisizotaka mbwa, na mbwa anabaki getini akisubiri watu ambao hawarudi. Ndivyo mbwa wengi wa mitaani walivyoanza. Kabla ya kumchukua mbwa, mwenye nyumba aulizwe na jibu liandikwe kwenye mkataba wa pango. Majirani wa ua nao waulizwe, kwa sababu watoto ni wao. Na mbwa ahasiwe. Mimba ya mbwa ni siku 63 tu, jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na vitoto vyake vya kike hutupwa kwenye mifuko kwa sababu kila mtu anataka dume. Kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Makerere na madaktari wa wanyama wa mjini wanaifanya kazi hiyo.

Ushauri wangu wa mwisho ndio unaokataliwa zaidi: mume na mke wanaoshinda kazini wasianze na kitoto cha mbwa. Kinapendeza kubebwa, lakini cha miezi miwili kinataka kula mara tatu au nne kwa siku, hakiwezi kuzuia mkojo kwa zaidi ya saa mbili hivi, na kinahitaji chanjo zinazorudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Hakuna mwajiri atakayewapa ruhusa kwa ajili hiyo. Mchukueni mbwa mzima, wa mwaka mmoja na nusu au miwili, ambaye tabia yake inaonekana tayari. Kampala kuna kituo cha Uganda Society for the Protection and Care of Animals ambacho hupokea mbwa waliotelekezwa na kuwatafutia nyumba. Nendeni siku ambayo wote wawili mna mapumziko, na kama mna dada wa kazi nendeni naye. Mwacheni kila mmoja akae na mbwa kwa muda, peke yake, na mkirudi nyumbani semeni wazi ni nani atakayemtoa asubuhi. Kama hakuna anayejibu, msirudi kumchukua kwanza.